Viti vya Ofisi Kwenye Matanga ya Mudzipela

Mtu wa miaka arobaini na kitu akisema amestaafu, hapa Bunia watu wanamwangalia kwanza miguu, waone kama imekatwa. Miguu yangu ipo. Kilichokatwa ni kazi yenyewe. Ofisi imeona kwamba wasanii wanaweza kujipiga picha wenyewe na kuzituma kwa simu, kwa hiyo mtu wa kwenda kuona hahitajiki tena. Nimeambiwa nipumzike. Sijui kupumzika. Tangu nitoke nimeshashuka Kasenyi kuangalia ziwa bila sababu, nimeenda Nyankunde kusalimia watu ambao hawakuniita, nimerudi, na bado kila asubuhi nasimama barabarani kama mtu anayesubiri pikipiki. Kabla sijaondoka tena, nawaandikia ninyi vijana mliobaki ofisini na simu zenu.

Kwa asiyeijua kazi: ofisi yetu ilisaidia wasanii wadogo wanaofanya kazi pamoja na watu wa mtaa wao, kama kikundi cha ngoma, mchoraji anayefundisha watoto wa jirani, au akina mama wa maigizo. Msaada ulikuwa mdogo na haukutolewa kwa pesa mkononi. Msanii aliomba vitu, ofisi ikanunua na kumwazima. Kazi ikiisha, na ikiwa imeonekana, vitu vinakuwa vyake. Isipoonekana, vitu vinarudi. Uzito wote ulikaa kwenye hilo neno "imeonekana". Mimi nilikuwa jicho. Mtaani waliniita Papa Nione Kwanza, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi.

Kazi nilifundishwa na Papa Uringi, mzee wa kutoka Mahagi, Mkatoliki wa misa ya kila siku ambaye alimwamini Mungu peke yake. Siku yangu ya kwanza alinichukua mpaka kwa kikundi cha ngoma. Walitupokea kwa wimbo uliokuwa na jina la ofisi ndani yake, tena mara nyingi. Mimi niliguswa mpaka machozi yakanikaribia. Papa Uringi akaniinamia.

"Kijana, hii wimbo walijifunza lini?"

"Sijui, muzee."

"Jana. Angalia huyu wa nyuma, anafungua kinywa kama samaki. Wimbo ya kututukuza wanaijua. Sasa tungojee ile ingine."

Ile nyingine ikaanza, ngoma zikalia vizuri sana. Nilikuwa naanza kumwona mzee kuwa mtu wa roho mbaya, ndipo mama mmoja akaingia uani na kitambaa cha kwaya mabegani, akasimama katikati ya wapiga ngoma.

"Ninyi, munamaliza saa ngapi? Na siye tuko na répétition, kwaya inangojea. Muturudishie ngoma yetu."

Ngoma tulizowaazima sisi hazikuwepo. Hakuna aliyecheka isipokuwa Papa Uringi, naye alicheka kwa pua tu. Njiani akanipa sheria zake. Usiende siku uliyoitwa. Usiende na gari ya ofisi, maana gari inafika kabla yako. Usiulize kama chombo kipo; uliza kimeharibika wapi, kwa sababu kitu kinachofanya kazi lazima kiwe kimeharibika mahali. Na simu yenye kamera iache nyumbani. "Ukitoa kamera," alisema, "hata mbuzi anajipanga."

Ndiyo sababu mpaka siku ya mwisho nilitembea na simu ya tochi. Vyombo vyangu vingine vilikuwa mwavuli, viatu vya plastiki visivyoogopa tope, na kimya. Kimya ndicho kilichofanya kazi kubwa. Ukikaa bila kusema, mwongo anaanza kukusaidia.

Nilipoachwa peke yangu nilijifunza haraka. Kule Kasenyi mchoraji mmoja aliomba rangi ili achore maneno ya amani kwenye mitumbwi ya wavuvi. Alinikalisha ufukweni kwa heshima, akanielekeza macho majini. Ukapita mtumbwi mmoja wenye njiwa. Baada ya muda ukapita mwingine wenye mikono miwili iliyoshikana. Nikasifu. Kisha nikaona kwamba mtumbwi wa njiwa ulipita kutoka kulia na wa mikono kutoka kushoto, na yote miwili ilipigwa kasia na mtu mmoja mwenye kofia moja. Upande mmoja njiwa, upande wa pili mikono. Nikamuuliza mchoraji rangi nyingine iko wapi. Akanijibu bila aibu: "Papa, amani ni moja. Mitumbwi mingi ya nini?" Nilichukua rangi iliyobaki. Lakini nakubali kwamba njiwa alikuwa mzuri.

Nawaambia haya ili muelewe nilikuwa mtu wa namna gani nilipofika kwa Mama Kavira. Miaka ya kuona mitumbwi ya pande mbili ilikuwa imeniharibu. Nikimkuta mtoto analia njiani, niliangalia kwanza nani anamtazama.

Mama Kavira alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, familia yake ilihamia hapa kutoka Butembo. Aliongoza kikundi cha maigizo cha akina mama na wazee kule Mudzipela. Waliomba viti vya plastiki, ngoma, sufuria kubwa na bashi, lile turubai linalofungwa uani kukiwa na kilio. Walisema watafanya mchezo wa siku tatu juu ya maombolezo. Mchezo wa siku tatu! Nilishuku hapohapo. Mwigizaji gani anaweza kukaa siku tatu bila kwenda sokoni?

Nikaenda asubuhi ya siku ya kwanza bila kuitwa. Kabla sijafika uani nilisikia vilio. Nikakuta bashi limefungwa, viti vyetu vimejaa wanaume, moto wa magogo unafuka, akina mama ndani wamekaa kwenye mikeka, wengine wamejifunga kamba kiunoni. Sikuona jukwaa popote, wala mtu wa kunipokea kwa wimbo. Nilisimama na mwavuli wangu nisijue la kufanya. Desturi mnaijua: ukikuta matanga, huulizi habari za kazi. Unatoa pole, unakaa. Nikakaa, huku nikisema moyoni kwamba kama ni hila, basi ni hila ya hali ya juu, maana wamejificha mahali pekee ambapo mkaguzi hana ruhusa ya kukagua.

Mzee aliyekaa kando yangu alikuwa fundi wa pikipiki, mikono yake ilikuwa bado na mafuta. Nikamwuliza kwa sauti ya chini:

"Papa, pole. Tunalilia nani?"

"Bibi yangu, ule nilimuoa wa kwanza. Tulipotezana wakati ya kukimbia vita."

Nikampa pole tena. Nikahama kiti, nikamwuliza kijana mmoja swali lile lile. Akasema analilia baba yake. Wa tatu akasema dada. Ndani, mama mmoja alikuwa anaita mapacha. Nikahesabu huo kuwa uongo wa watu ambao hawakuwa na muda wa kukubaliana. Nikainuka, nikamtafuta Mama Kavira, nikamkuta nyuma ya jiko anaosha majani ya sombe.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni kilio, Papa. Hauone?"

"Ya nani? Kila mutu ananiambia jina yake."

"Sasa ulitaka wakuambie jina yangu?" Akakung'uta maji mikononi. "Hawa wote wako na watu wenye hawakuzikwa. Mwingine alibaki njiani, mwingine alienda shamba hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna maiti. Na bila maiti, nani atafunga bashi? Siye tukasema, tufunge moja, ya wote."

"Kwenye ofisi mulisema ni muchezo."

"Ni muchezo."

"Muchezo iko na watazamaji. Watazamaji ni nani?"

Akaniangalia kutoka kichwani mpaka viatu vya plastiki. "Sasa ni weye."

Sikupenda jibu hilo. Naye aliona sikulipenda, akaniambia jambo ambalo niliona wazi kwamba hakutaka kuniambia. Ndani, kwenye mkeka wa pembeni, alikuwa mama anayeitwa Pascaline. Mume wake alichukuliwa barabarani miaka mingi iliyopita. Familia ya mume, watu wa Mahagi, walikuwa hawajakubali kufanya kilio kwa sababu hawakuona maiti. Na bila kilio hakuna kuondoa matanga, na matanga yasipoondolewa, Pascaline ni mke wa mtu. Kulikuwa na seremala, mjane, aliyemtaka kwa njia ya heshima, lakini hakuna padri wala mzee aliyetaka kusikia. Sasa shemeji yake, Papa Ukumu, mkubwa wa ukoo, alikuwa amekubali kuja kukaa siku zote tatu na kuona kwa macho yake. Akiona kilio cha kweli, yeye mwenyewe atamfungua.

"Kwa hiyo, Papa," akasema Mama Kavira, "pale nje hapana tamka neno théâtre, wala muchezo."

"Na ofisini nitamke nini? Chef akisikia ni kilio ya kweli, anarudisha vitu vyote. Bashi litatoka juu ya vichwa vyenu."

"Ile utajua weye. Siye tuko na kulia."

Msifikiri nilimwamini. Nilitoka nikapita kwa jirani anayeuza mikate kando ya barabara, nikanunua mkate nisioutaka, nikamwuliza kama anamjua Pascaline.

"Nani hamujue? Huyu bibi akicheka tu na muuza samaki, kesho Mahagi wanajua amecheka na meno ngapi."

"Na shemeji yake?"

"Ukumu? Huyo hata Yezu akifufuka atauliza nani alisukuma jiwe."

Basi habari ilikuwa ya kweli, angalau nje ya ua ule.

Niliporudi nilimtambua Papa Ukumu bila kuonyeshwa. Alikaa peke yake karibu na nguzo ya bashi, kofia kichwani, mikono imefungwa kifuani. Sahani ya maharagwe ilikuwa mbele yake haijaguswa. Alikuwa anaangalia watu wakilia kama mimi ninavyoangalia ngoma: alikuwa anaangalia miguu. Nikakaa karibu naye. Watu wawili wasioamini wanajuana kama mbwa wa mtaa mmoja.

"Weye ni wa wapi?" akaniuliza.

"Wa projet." Neno hilo la miradi likaniponyoka.

"Aaa. Projet." Akageuka mzima. "Ni projet gani ya watu wanalia?"

"Projet ya viti, Papa. Tunaazima viti."

Akakishika kiti chake, akakitikisa. "Viti ni vizuri," akasema. "Mimi watu ya projet ninawajua. Wanalia na jicho moja. Jicho ingine inatafuta nani anapiga photo. Nimekuja kutafuta hiyo jicho. Nikiipata, ninapanda kwetu leo leo, na yule mama atangojea ndugu yangu mpaka azeeke."

"Umeipata?"

"Bado. Niliona mutu mumoja tu haliye."

"Nani?"

"Ni weye."

Nikamwuliza, ili tuhame hapo, atajuaje kwamba kilio ni cha kweli. Akanijibu kama mtu anayemweleza mgeni jina la mto. Kwao kilio kinaanza na machozi na kinaisha na kucheza. Siku ya mwisho ngoma inapigwa, ndugu wote wanacheza, wanakanyaga huzuni, kisha mkubwa anafungua bashi. Watu wasipocheza, matanga bado yapo, hata kama kila mtu amerudi kwake na kulala. "Watu wa uongo hawawezi," akasema. "Kulia, mutu yeyote analia. Lakini kucheza pale ulipotoka kulia, ile haiwezekani kujifanya. Nitangojea wacheze."

Siku ya pili asubuhi nilipita ofisini. Chef wetu, mkubwa wa ofisi, aliitwa Norbert, kijana msomi, suruali yake haikujua tope. Nikamwambia nilichokiona, kwa sababu sikuwahi kumdanganya mkubwa wangu, na pia kwa sababu nilikuwa bado sijui nilichokiona.

"Papa, nijibu moja tu," akasema. "Ni spectacle, muchezo ya jukwaa, ao ni matanga?"

"Chef, ni ngumu."

"Haiwezi kuwa ngumu. Kama ni spectacle, vizuri, watabaki na vitu. Kama ni matanga ya watu, tumegeuka kuwa nyumba ya kukodisha viti ya marehemu. Mutaa yote itakuja kuomba bashi. Kesho nitaenda mwenyewe. Nitakuuliza pale pale, mbele yao, na utanijibu mbele yao. Ili mutu asiseme niliwaonea."

Nilimwona ni kijana mzuri mwenye haki, na nilitamani apate homa.

Mchana nikarudi Mudzipela. Sasa nilikuwa na shaka mpya, na hii ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Nilianza kushuku kwamba Mama Kavira alikuwa ananiandaa. Alikuja akakaa karibu nami, akanipa chai, akaniuliza kwa upole:

"Na weye, Papa, unalilia nani?"

Vijana, katika miaka yangu yote watu walijaribu kuniziba macho kwa kuku, kwa pombe ya mandrakwa, kwa binti zao. Hakuna aliyewahi kujaribu kwa swali kama hilo. Nilitaka kumjibu kwamba mimi niko kazini. Badala yake nikamjaribu. Nikamtajia jina la kaka yangu mkubwa, yaya Dieudonné, aliyetoka siku moja kwenda Nyankunde kumwona mgonjwa. Sikusema zaidi. Nilitaka nione atafanya nini na jina hilo, kama atalishika kama bei.

Hakufanya kitu. Alisema "Pole," akaenda kuongeza kuni. Lakini jioni, kabla jua halijashuka, akina mama walipoanza kuita majina, mmoja baada ya mwingine, wakaita na Dieudonné. Aliyemwita alikuwa mama nisiyemjua, na alimwita kama mtu anayemwita mtoto wake aje kula. Nilichukua mwavuli wangu nikaondoka haraka, na njia nzima mpaka nyumbani sikuweza kuona vizuri barabara. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au ilikuwa namna ya kunifunga mdomo. Nimemgeuza Mama Kavira kichwani mara nyingi. Huenda ilikuwa vyote viwili, na Papa Uringi hakuwahi kunifundisha la kufanya ikiwa vyote viwili.

Siku ya tatu nilifika mapema. Papa Ukumu alikuwa mahali pake kwenye nguzo. Nikaona sahani yake, safari hii ilikuwa tupu, lakini kofia ilikuwa bado kichwani. Pascaline alikuwa ametolewa nje na kukalishwa kwenye mkeka katikati ya ua, kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa analia. Alikuwa anaiangalia ngoma iliyolala chini, ile ngoma yetu, kama mtu anayeangalia mlango wa hospitali.

Fundi wa pikipiki ndiye aliyeanza kuipiga. Alipiga vibaya kwanza, mikono yake ilizoea spana. Watu walibaki wamekaa. Nikaona jicho la Papa Ukumu linaanza kutembea, na langu likatembea nalo: tulikuwa tunatafuta kitu kimoja. Mama mmoja mnene akainuka kama mtu aliyeumwa kiuno, akakanyaga mara moja, akalia, akakanyaga tena. Yule mama wa mapacha akainuka. Wakaongezeka. Hawakupanga mistari, hapakuwa na aliyetabasamu, na walicheza vibaya, kila mtu na mguu wake, wengine machozi bado yanashuka. Nimeona vikundi vingi vilivyocheza vizuri, na vingi nilivinyang'anya ngoma. Hapa nilitafuta mtu mmoja, mmoja tu, anayeangalia kama anaangaliwa. Sikumpata.

Mwisho Pascaline akashikwa mikono na kuinuliwa. Alisimama muda mrefu. Kisha goti moja likapinda, na la pili, naye akacheza.

Hapo ndipo tuliposikia gari.

Chef Norbert aliingia na simu yake mkononi, nyuma yake dereva. Ngoma ikasita, ikanyamaza. Watu wote walibaki wamesimama pale pale ngoma ilipowaachia. Chef alisalimia kwa adabu, alitoa pole, kwa sababu hata yeye alizaliwa na watu. Kisha akanigeukia. Papa Ukumu alikuwa ameinuka kutoka kwenye nguzo, amesogea karibu, sikio lake limeelekea kwetu.

"Papa, weye uliangalia siku zote. Uniambie mbele ya hawa watu."

Nilimwona Mama Kavira mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, ameacha kukoroga. Nilimwona Pascaline. Nikisema ni théâtre, shemeji anapanda kwao na kofia yake, na mama yule anabaki mke wa mtu aliyepotelea barabarani. Nikisema ni kilio, dereva anaanza kukusanya viti, na bashi linafunguliwa na mtu wa ofisi kabla halijafunguliwa na mtu wa ukoo, na hilo kwa Papa Ukumu ni sawa na kilio kilichovunjika. Nilikaa kimya. Kimya changu kilikuwa kimenifanyia kazi miaka yote. Siku hiyo hakikunisaidia kitu.

Chef akachoka kungoja, akauliza yeye mwenyewe swali ambalo nisingeweza kulibuni. Aliuliza kama watu wa mjini wanavyouliza habari za waigizaji:

"Nakuuliza tu, walicheza ao hawakucheza?"

"Wamecheza, chef," nikasema.

"Wote?"

"Wote. Na yule mama pia. Nimewaona kwa macho yangu."

"Wamecheza mupaka mwisho?"

Hapo nilimgeukia Papa Ukumu. Nilimjibu chef, lakini nilimwangalia mzee.

"Ile ya mwisho iko mikononi mwa mukubwa huyu."

Papa Ukumu aliniangalia. Aliniangalia kama mimi nilivyouangalia mtumbwi wa Kasenyi, upande huu na upande ule. Nina hakika alijua kwamba neno moja limepita kati yetu na kuingia masikio mawili tofauti, kwa chef likiwa maigizo, kwake likiwa kukanyaga huzuni. Hakuwa mtu wa kupitwa na neno. Lakini pia alikuwa amewaona wakicheza, naye alikuwa ametafuta lile jicho la pili siku tatu bila kulipata.

"Wamecheza," akasema taratibu, si kwangu wala kwa chef. "Mimi niliona."

Akavua kofia, akaiweka kwenye kiti. Akaenda kwenye nguzo, akaanza kufungua kamba ya bashi. Fundo lilikuwa gumu, akatumia meno. Kona ya kwanza ikaanguka, jua likaingia uani likatupata wote machoni, na Pascaline akakivuta kile kitambaa cheusi kutoka kichwani, akasimama na nywele zake wazi, hajui mikono aiweke wapi. Akina mama wakapiga vigelegele.

Chef alikuwa ameinua simu, anapiga picha kila upande. Akaniinamia sikioni:

"Papa, na hii ya kufungua bashi, iko ndani ya muchezo?"

"Piga picha, chef," nikamwambia. "Piga upesi, haitarudiwa."